Goti linauma, lakini kukaa kitako hakuliponyi: mazoezi mepesi ya kufanya nyumbani

"Wanangu hamjambo. Goti langu la kulia limenikataa. Hospitali wameniambia nifanye mazoezi, nikacheka. Mimi nalima tangu nikiwa binti, nabeba kuni, nateka maji. Mazoezi gani tena?"

Ujumbe huo uliingia kwenye simu ya studio baada ya kipindi chetu cha afya cha Jumamosi asubuhi. Aliyeutuma ni mama wa miaka 61, mkulima wa viazi na mahindi katika kijiji kimoja cha mlimani huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Tulipousoma hewani, wasikilizaji wengine wakaanza kupiga, na karibu wote walikuwa na swali hilohilo: mtu ambaye amefanya kazi ya mikono na miguu maisha yake yote anaambiwaje akafanye mazoezi, tena na goti bovu?

Tulimpigia mama yule ili kumjua zaidi. Ilichukua muda mpaka atuambie kinachomsumbua kweli. Shamba limemshinda tangu msimu uliopita, lakini hilo watoto wanalisaidia. Kinachomnyima raha ni choo. Choo chake ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na akishachuchumaa hawezi kuinuka mpaka mjukuu aje kumshika mkono. Kwa sababu hiyo ameacha kunywa maji jioni, asije akalazimika kumwamsha mtoto usiku.

Tumeandika makala hii kwa ajili yake na kwa wengine wa hali hiyo. Maelezo ya zoezi yakisemwa redioni yanapita, na ukikosa neno moja umeshakosea. Hapa unaweza kurudia kusoma, au ukamsomea mzazi ambaye macho yake yamechoka.

Kuna nini ndani ya goti

Maumivu ya goti yana sababu nyingi. Lakini kwa mtu aliyevuka miaka 45 au 50, ambaye maumivu yalianza polepole, yanazidi akitembea sana au akishuka mlima, na asubuhi goti linakakamaa kwa muda usiozidi nusu saa kisha linalegea, mara nyingi huwa ni ule ugonjwa tunaouita kusagika kwa magoti. Hospitalini utasikia wakiuita osteoathraitisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na goti ndilo kiungo kinachoongoza kwa kushambuliwa. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Wengine walio katika hatari ni wenye uzito mkubwa, waliowahi kuumia goti, kwa mfano kwa kuanguka na bodaboda au kwenye mpira, na wale ambao kazi zao ni za kuchuchumaa, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito miaka nenda miaka rudi.

Neno hili "kusagika" limeleta shida kidogo. Mtu akiambiwa goti lake limesagika, anafikiria tairi la gari: kadiri unavyolitembeza ndivyo linavyokwisha, kwa hiyo bora uliegeshe. Goti haliko hivyo. Mwisho wa kila mfupa ndani ya kiungo umefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloteleza. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kutoka kwenye ute uliomo ndani ya goti, na linakipata goti linapobanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, kama kitambaa cha kudekia kinavyonyonya maji ukikikamua kisha ukakiachia ndani ya ndoo. Goti lisilotembea haliachi kuchakaa, linakosa chakula tu.

Jambo la pili ni misuli. Msuli mkubwa wa mbele ya paja hufanya kazi kama shokapu za pikipiki. Ukikanyaga chini, msuli huo unapokea sehemu ya kishindo kabla hakijafika kwenye mfupa. Goti likianza kuuma, mtu huuegemea mguu mwingine bila kujua, na lile paja linapungua nguvu. Likipungua, goti linapokea kishindo zaidi, linauma zaidi, mtu anakaa zaidi. Jipime sasa hivi: kaa, nyoosha miguu yote miwili mbele, tazama mapaja yako. Wengi wenye goti moja bovu wa muda mrefu wataona paja la upande huo limekonda.

Hii ndiyo sababu miongozo ya matibabu ya ugonjwa huu, Ulaya, Marekani na kwingineko, inaweka mazoezi kwenye mstari wa mbele wa tiba, kwa mgonjwa wa umri wowote, hata yule ambaye picha ya eksirei inaonyesha goti limeharibika sana. Denmark wana programu iliyoanza mwaka 2013 ambayo wagonjwa wa magoti na nyonga hufundishwa kwanza kuuelewa ugonjwa, kisha hufanya mazoezi chini ya usimamizi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Programu hiyo imesambaa katika nchi nyingine kadhaa. Mazoezi yake si ya mashine. Ni kuinuka kwenye kiti, kupanda kingazi kifupi, kujifunza kukanyaga vizuri. Hayo yote yanawezekana uani kwako.

Je, kulima si mazoezi?

Turudi kwenye kicheko cha mama yetu, maana ana haki ya kucheka. Kulima ni kazi ya mwili na ina faida zake kwa moyo na kwa sukari ya damu. Hatutaki mtu asome hapa kisha aseme redio imesema jembe ni bure.

Tatizo la shamba ni kwamba halikuulizi goti lako linaweza kiasi gani. Palizi ikifika, unapalilia mpaka ngwe iishe. Gunia la viazi lina uzito wake, na lori likisubiri barabarani lazima lishuke. Goti linakaa limekunjwa kwa saa nzima, au linabeba kilo ambazo hazikupangwa kwa ajili yake, tena kwenye mteremko wenye utelezi. Ukitembea kawaida kwenye tambarare, goti hupokea nguvu ya mara mbili hadi mara tatu ya uzito wako. Ukishuka ngazi au mteremko inazidi hapo. Sasa weka kichwani ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji. Goti halizioni kama kilo 20. Kwa hesabu hiyo linaongezewa kilo 40 au zaidi kwa kila hatua.

Zoezi kwa mgonjwa wa goti ni dozi. Unachagua msuli, unaupa kazi ndogo unayoijua, unaacha kabla goti halijakasirika, unapumzika siku moja, unaongeza kidogo wiki inayofuata. Msuli unapata nguvu bila kiungo kupigwa. Na kuna kitu kingine ambacho kazi za shamba zinakuwezesha kukikwepa: shambani unaweza kutumia mguu mzima na kuuficha ule mgonjwa msimu mzima. Kwenye zoezi unaulazimisha ule uliodhoofika ufanye kazi yake.

Anzia kwenye mkeka na kiti

Huhitaji kununua chochote. Unahitaji mkeka, na kiti imara chenye mgongo kisichoteleza, kiegemezwe ukutani. Kigoda hakifai, ni kifupi mno na kinalikunja goti kupita kiasi. Fanya mazoezi haya siku 3 kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Wengi wa wasikilizaji wetu hutuambia wakati mzuri kwao ni taarifa ya habari ya saa 2 usiku, kwa sababu hapo wanakaa chini kusikiliza redio kwa vyovyote.

La kwanza fanya ukiwa umelala chali kwenye mkeka. Mguu mzima uukunje, unyayo ukae chini. Mguu unaouma uwe umenyooka. Kaza paja lake mpaka uone pia ya goti inavutika kuelekea juu, kisha inua mguu huo ukiwa umenyooka, usipite urefu wa goti la mguu uliokunjwa. Hesabu mpaka 5, shusha taratibu. Usizuie pumzi. Anza na mara 8, pumzika, rudia mara nyingine 8. Kisha geuza, fanya mguu wa pili hata kama hauumi. Goti halikunjwi kabisa katika zoezi hili, kwa hiyo hata mwenye maumivu makali huweza kuanzia hapa. Asiyeweza kuinua mguu aanze kwa kukaza paja tu na kulegeza.

Ukiwa bado umelala, kunja miguu yote miwili, kanyaga mkeka kwa nyayo, inua makalio juu, hesabu mpaka 3, shusha. Hili ni la makalio na nyuma ya paja. Watu hulidharau, lakini nyonga ikiwa dhaifu goti linaingia ndani kila unapokanyaga, na hapo ndipo linaposagwa upande mmoja.

Halafu kaa kwenye kiti. Nyoosha goti taratibu mpaka mguu uwe sawa mbele yako, hesabu mpaka 5, rudisha. Mara 8 hadi 10 kila mguu. Mwezi wa pili unaweza kufunga kwenye kifundo cha mguu mfuko wa kitambaa wenye nusu kilo ya mchanga.

Sasa tunafika kwenye zoezi ambalo, kama una nafasi ya kufanya moja tu, tungekuomba ufanye hili: kuinuka kwenye kiti. Kaa mbele ya kiti, usiegemee. Nyayo ziwe chini, upana wa mabega, zirudi nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mbele, sukuma ardhi kwa visigino, simama. Kisha keti tena, na kukaa huku ndiko kwenye kazi: usijitupe, shuka ukihesabu mpaka 3. Magoti yaelekee kule vidole vya miguu vinakoelekea, yasigongane. Kama huwezi, weka mito au blanketi lililokunjwa kwenye kiti ili kiwe kirefu zaidi, au jisukume kwa mikono kwenye mapaja. Anza na mara 5, pumzika dakika moja, fanya 5 tena. Ukifika mara 10 kwa urahisi, punguza mto. Ukiweza bila mto, ongeza awamu ya tatu.

Tunasisitiza hili kwa sababu ni nusu ya safari ya kuchuchumaa na kuinuka. Mama yetu alianza na mito miwili, akijisukuma kwa mikono. Wiki ya tatu alitupigia kusema amechoka na haoni tofauti, tukamwomba avute subira. Wiki ya nane alikuwa kwenye kiti kitupu, mara 10. Chooni bado hachuchumai kama zamani, lakini kijana wake amechimbia nguzo fupi mbili, moja kila upande, anashika na kuinuka mwenyewe. Mjukuu analala usingizi wake. Maji ya jioni ameanza kunywa tena.

Hilo la nguzo tunalisema kwa makusudi, na si aibu. Wengine huweka kiti cha mbao kilichotobolewa katikati juu ya tundu la choo. Fundi wa kijijini anakitengeneza kwa nusu siku.

Zoezi la mwisho la ndani ni kusimama ukishika fremu ya mlango na kuinuka kwa vidole vya miguu, kisha kushuka taratibu, mara 10. Linasaidia shavu la mguu na mizani ya mwili. Mwenye umri mkubwa aongeze kusimama kwa mguu mmoja akiwa ameshika mlango, sekunde 10 kila upande, maana mfupa wa nyonga ukivunjika kwa kuanguka utamsumbua kuliko goti lenyewe.

Kutembea, na baiskeli iliyosimama

Kutembea ni zoezi zuri kwa goti, mradi ni kwenye tambarare na bila mzigo. Huku kwetu tambarare ni bidhaa adimu, tunajua. Tafuta uwanja wa shule jioni watoto wakishaondoka, au kipande cha barabara kisicho na mwinuko. Anza na dakika 10. Ukiona siku ya pili goti halijalalamika, ongeza dakika 2 au 3 kila wiki. Dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 jioni ni sawa na nusu saa. Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni kuanzia dakika 150 kwa wiki, lakini kwa mwenye goti bovu dakika yoyote aliyoongeza ni faida.

Viatu: raba zenye soli nene ni bora kuliko kandambili zilizolika kisigino. Gambuti ni nzito na huteleza ndani, zivae shambani tu. Fimbo nayo ina siri ambayo wengi hawaijui: ishike kwa mkono wa upande ambao goti haliumi. Goti la kulia likiuma, fimbo mkono wa kushoto, na vitembee pamoja, fimbo na mguu mgonjwa. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima. Kwenye kingo na ngazi, ukipanda tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza ule unaouma. Kwenye mteremko mrefu pita kwa kukata pembeni, kushoto na kulia, usishuke moja kwa moja.

Baiskeli ni rafiki mkubwa wa magoti kuliko watu wanavyodhani. Uzito wa mwili unakaa kwenye siti, goti linazunguka bila kupigwa. Kosa tunaloliona kila siku barabarani ni siti kuwa chini sana, magoti yanafika karibu na kifua. Pandisha siti mpaka pedali ikiwa chini kabisa mguu uwe karibu kunyooka, ukibaki na mkunjo mdogo tu. Kwenye mlima shuka, sukuma.

Na kwa asiyeweza kuendesha au anayeogopa kuanguka: baiskeli nyingi za kijijini, zile nzito za kubebea mizigo, zina stendi kubwa inayoinua tairi la nyuma kutoka chini. Iweke kwenye stendi hiyo pembeni ya ukuta, mtu mmoja aishike kwa mbele, panda, zungusha pedali taratibu dakika 5 hadi 10. Watoto watacheka, wacha wacheke. Mjini watu wanalipa hela kila mwezi kukaa kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Angalia tu nguo ndefu na kanga zisiingie kwenye mnyororo.

Kuhusu maji: kutembea ndani ya maji yanayofika kiunoni au kifuani ni zoezi zuri mno, kwa sababu maji yanabeba sehemu kubwa ya uzito wako. Ndugu zetu wa pwani wanaweza kulifanya baharini kwenye mchanga tambarare. Kwa walio kando ya maziwa na mito hatulishauri. Kichocho kipo kwenye maji mengi yaliyotulia kandokando, na sehemu nyingine kuna mamba. Kwetu huku mlimani maji ni baridi ya kutosha kumaliza hamu yenyewe.

Utajuaje kuwa umezidisha?

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanafanya zoezi siku ya kwanza, goti linauma kidogo, wanaacha wakisema limenizidishia. Maumivu madogo wakati wa zoezi hayamaanishi unaliharibu goti. Wataalamu wa fiziotherapia hutumia kipimo rahisi cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna maumivu na 10 ni maumivu mabaya kuliko yote unayoweza kufikiria. Kufikia 2 uko salama kabisa. Kati ya 3 na 5 inakubalika. Ikipita 5, punguza: mto uwe mnene zaidi, idadi iwe ndogo, au zoezi libadilishwe. Kisha angalia kesho yake. Maumivu yaliyoongezeka yanatakiwa yawe yamerudi pale yalipokuwa ndani ya saa 24. Kama kesho goti limevimba au linauma kuliko jana, ulizidisha. Pumzika siku moja, rudi na nusu ya dozi. Usiache.

Na tuseme ukweli kuhusu muda. Nguvu ya msuli haiji kwa siku tatu. Tegemea wiki 6 hadi 12. Wiki mbili za mwanzo huenda usione lolote isipokuwa uchovu wa mapaja.

Kwa mwenye mwili mkubwa, kupunguza uzito kunakwenda sambamba na haya yote. Utafiti wa Marekani kwa wagonjwa wa magoti wenye uzito uliozidi ulionyesha kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza karibu kilo 4 za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Piga hesabu ya hatua za siku nzima. Lakini hatutaki kila mwenye goti bovu aambiwe ni mnene. Wapo wagonjwa wembamba wengi tu, na kwao tatizo ni jeraha la zamani au kazi.

Nyumbani, yapunguze yale yanayolikunja goti sana kwa muda mrefu. Inua jiko lifike kiunoni badala ya kupikia mafiga ya chini. Fulia juu ya meza au benchi. Maji chota kwa madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, au mwachie mwenye baiskeli. Wanaosali wakipiga magoti wanaweza kusali wameketi kwenye kiti, na dini zetu zinamruhusu mgonjwa. Pale mila inapotaka kupiga goti kumwamkia mkubwa, shikamoo ya aliyeinama kidogo inatosha, wakubwa wenyewe nao wana magoti.

Bamia, sindano na vidonge

Hatuwezi kumaliza bila bamia, kwa sababu nusu ya meseji mlizotuma zinaiuliza. Wanaosema "ute wa goti umeisha" wanashauriana kula bamia na mlenda ili ute urudi. Bamia ni mboga nzuri, kuleni. Lakini utelezi wake unameng'enywa tumboni kama chakula kingine, hauna njia ya kwenda gotini ukiwa utelezi. Tena goti la ugonjwa huu lililovimba mara nyingi lina ute mwingi kuliko kawaida.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki vinasaidia kwa muda mfupi, lakini kuvinywa kila siku kwa kununua dukani bila ushauri kunaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa wazee na wenye presha au sukari. Waulize wahudumu wa afya kuhusu dawa ya kupaka kwenye goti, mara nyingi ni salama zaidi. Na mkijaribiwa na dawa ya unga isiyo na jina inayoondoa maumivu usiku mmoja, jiulizeni ndani kumewekwa nini.

Wakati wa kuacha mazoezi na kwenda kituo cha afya

Goti likiwa la moto, jekundu, limevimba ghafla na una homa, usisubiri kesho. Maambukizi ndani ya kiungo huweza kuliharibu goti ndani ya siku chache. Nenda pia haraka kama umeanguka na huwezi kukanyaga, kama goti linakwama na halinyooki, au kama shavu la mguu mmoja limevimba na linauma. Maumivu yanayokuamsha usiku kila siku huku unapungua uzito yanahitaji kuchunguzwa, na vivyo hivyo viungo vingi vinavyovimba pamoja na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, maana huo huenda ni ugonjwa mwingine wa viungo wenye dawa zake. Mtoto anayechechemea au kulalamikia goti asipewe mazoezi haya, apelekwe akaonwe. Mwenye moyo, presha isiyotulia au aliyepasuliwa hivi karibuni aulize kwanza.

Ukifika zahanati au kituo cha afya, usiombe dawa tu. Uliza hivi: je, naweza kupewa rufaa nikamwone mtaalamu wa fiziotherapia? Zahanati nyingi hazina mtaalamu huyo, mara nyingi utamkuta hospitali ya wilaya au ya mkoa, na hata ukimwona mara moja au mbili anaweza kukurekebisha unavyoinuka na unavyotembea, kisha ukaendelea nyumbani. Nenda na viatu unavyovaa kila siku na ile fimbo yako, avione.

Meseji zilizouliza kuhusu mgongo na nyonga tumeziweka. Tutazichukua kwenye kipindi cha Jumamosi ijayo, na anayetaka kutuma yake aandike umri, kazi anayofanya, na maumivu yalianza lini.